Mshiriki wa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Utafiti wa Kimaelezo ameamuru kila mwanafunzi aandike shajara muhula mzima. Si shajara ya mapenzi, kasema, ni shajara ya mtafiti: andika unachohisi unapowahoji watu, ili hisia zako zisijipenyeze kwenye kazi ukadhani ni za wenzako. Mwisho wa muhula ataikusanya na kuitia alama. Nikamwuliza mtu ataandikaje ukweli kwenye kitu kitakachotiwa alama. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. "Anza na swali hilo," akasema.

Basi naanza. Ninachohisi ni hasira. Mvua imeanza, viatu vimelowa, na kati ya viti vyote vya ukumbi paa limechagua kuvuja juu ya changu. Nilikuja kusoma saikolojia nijue yaliyomo vichwani mwa watu. Kumbe nimekuja kuandika "mh" na "eeh" za watu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Hakuna la maana.

Jumatatu, 10 Machi

Leo tumepewa mada ya muhula: watu wanaowauguza jamaa zao nyumbani. Nusura nitoke nje.

Baba yetu alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwisha. Alikuwa refa wa mpira maisha yake yote, mtu wa kupuliza filimbi na kutukanwa na uwanja mzima, na sasa hata kukohoa anakohoa kwa shida. Mama tulishamzika zamani. Dada alikuwa chuoni anasomea upimaji ardhi; akaja nyumbani "kwa siku mbili tatu" kumwangalia, na siku hizo hazijaisha mpaka leo. Kaka yetu mkubwa yuko mji mwingine. Yeye anamwuguza baba kwa simu.

Nikanyoosha mkono nikasema mimi wa kumhoji ninaye nyumbani. "Ndugu yako humhoji," mwalimu akanikata. "Atakujibu anachotaka ukisikie, na wewe utasikia ulichotaka kusikia." Akaiandika sheria hiyo ubaoni na kuipigia mstari. Niseme kweli, nilishusha pumzi.

Mwalimu tumeshampa jina: Mama Mabano. Mtu akinyamaza kwenye mahojiano, kimya chake lazima kiandikwe ndani ya mabano. Akicheka, mabano. Akipenga kamasi, mabano. "Kimya nacho ni jibu," anasema, na kukitazama chumba kizima kana kwamba ametupa zawadi.

Ijumaa, 14 Machi

Mazoezi ya kuhoji, wawili wawili. Nimepangwa na binti mmoja tunayemwita Miwani, kwa sababu anazo, na kwa sababu huzivua akitaka kulia. Ni mtu mwema. Wema wake unanichosha.

Hatutakiwi kuuliza "kwa nini", eti ni swali la polisi. Tuseme "Hebu nisimulie zaidi." Mchana kutwa nimesikia hebu nisimulie zaidi, hebu nisimulie zaidi, mpaka muuza vocha wa getini aliponiambia hana chenji nikakaribia kumwambia anisimulie zaidi.

Jumamosi, 22 Machi

Dada alikwenda kuchukua dawa, akaniachia uji na baba. "Mlishe taratibu," akasema, kama vile mimi huwa namlisha kwa koleo. Nikamkalisha, nikamfunga kitambaa shingoni, nikatoa ile sauti laini tuliyofundishwa. "Baba, tule kidogo." Akafumba mdomo. Nikambembeleza. Akageuzia uso ukutani. Nikajaribu kupenyeza kijiko pembeni, uji ukamwagikia shuka niliyotoka kuitandika.

Dada akarudi. Akatazama shuka, akanitazama mimi. Akalichukua bakuli, akaniambia nitoke, akafunga mlango. Hata chai yangu haikupoa, akatoka na bakuli limekombwa.

"Unamfanyaje?" nikauliza.

"Namlisha."

"Na mimi namfanyaje, namwogesha?"

"Wewe unambembeleza," akasema, akapita na ndoo ya shuka.

Kila mlo ni hivyo. Mlango unafungwa, bakuli linatoka tupu. Nina hakika anafanya makusudi ili aonekane yeye ndiye anayeweza peke yake. Amemdekeza mzee mpaka hataki mkono wa mtu mwingine, halafu anatembea humu ndani na uso wa mtu aliyeonewa.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemhoji mama mmoja anayemwuguza mumewe. Nilipotoka kwake nilikuta nimeitafuna kalamu mpaka imepasuka. Anaamka kabla ya jua, anamgeuza mume, anamfuta, anamgeuza tena, na shemeji zake wakija kuona mgonjwa wanapitisha kidole kwenye meza kupima vumbi. Niliwachukia wale shemeji njia nzima. Nikafika nyumbani, nikamkuta dada anakamua mashuka, nikamwuliza kama chakula kiko tayari.

Naandika hili kwa kuwa shajara inataka ukweli, si kwa kuwa naona kosa. Nilikuwa na njaa.

Jioni kaka akapiga. "Mkandeni miguu kwa maji ya vuguvugu, asubuhi na jioni." Nikampa dada simu. Dada akafungua spika, akaiweka mezani, akaendelea kumkata baba kucha. Kaka akaeleza habari ya kukanda mpaka akaridhika mwenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Nina hasira, kwa hiyo mwandiko huu usishangaze mtu.

Mama Mabano anasema kila mahojiano yasomwe na jicho la pili. Unampa mwenzako nakala yako, anaisoma mstari kwa mstari, na pembeni anaandika neno moja moja linalobeba maana ya kila kipande: uchovu, aibu, tumaini. Halafu mnalinganisha. Majina yameondolewa, kila mtu ni namba tu. Na kuna sheria: ukimtambua anayezungumza, unafunga nakala hapo hapo na kuirudisha.

Miwani akanipa yake. Mshiriki wa Nne. Alimpata kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo, alikobandika tangazo. Nikaenda kukaa ngazini, mvua ikipiga, nikaanza.

*Mhoji: Hebu nisimulie siku yako ya kawaida.*
*Mshiriki: Siku yangu ni ya mtu mwingine. (Anacheka.)*

Nikaandika pembeni: kejeli. Nikageuza. Baba yake alikuwa refa. Marefa ni wengi, nikasema. Humfulia kwenye beseni la bluu lililoyeyuka ukingo kwa kuwekwa karibu na jiko. Beseni hilo niliyeliyeyusha ni mimi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufunga. Sikufunga.

*Mshiriki: Nina mdogo wangu, yuko chuo. Anasomea watu. (Anacheka.) Akirudi ananiuliza chakula.*

*Mhoji: Unamlishaje mzee?*
*Mshiriki: (Kimya kirefu.) Hili hutalisema popote?*
*Mhoji: Hakuna atakayejua ni wewe.*
*Mshiriki: Namtukana. (Kimya.) Siku moja alinitemea uji usoni, nami nilikuwa sijalala. Nikamtukana, na sikuwa natania. Nikamwita refa kipofu, kama walivyokuwa wakimwita uwanjani. Nikamwambia umehongwa wewe, umetunyima penalti. Yote yaliyokuwa moyoni yakatoka kwa njia hiyo. Akanitazama. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha upande mmoja. Akicheka mdomo unafunguka. Nikaingiza kijiko. (Anacheka. Analia.) Tangu hapo nafunga mlango, namtukana, anakula. Mtoto gani anamtukana baba yake?*

Na mwisho kabisa:

*Mshiriki: Chuo kimenirudishia nafasi yangu. Niripoti tarehe kumi na tisa mwezi wa tano. Nikiipitisha wanampa mwingine, na hawatanipa tena. Naondoka. Sitaaga. Nikiaga watalia, wakilia nitabaki. Ufunguo nitauacha juu ya friji.*
*Mhoji: Na mdogo wako?*
*Mshiriki: (Kimya.) Hajawahi kuniuliza.*

Ufunguo juu ya friji! Mitihani yangu inaanza mwezi wa sita. Anajua. Amekaa na mtu asiyemjua, amenianika kama soksi kwenye kamba, halafu anapanga kuniachia mgonjwa asiyekula na ufunguo juu ya friji. Na kwangu hasemi neno. Kwangu anapita na ndoo.

Kuniuliza, kuniuliza! Angesema. Mdomo anao.

Jumanne, 8 Aprili

Nimemrudishia Miwani nakala yake. Pembeni ya ule ukurasa wa mwisho niliandika "hasira", nikaifuta kwa sababu sikujua ni ya nani, nikaiandika tena.

Jumatano, 9 Aprili

Nimempigia kaka. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kila kitu: dada anataka kutoroka, mzuie, wewe ndiye mkubwa. Simu ikaita, akapokea, na kabla sijafungua mdomo akauliza, "Mnamkanda?"

"Njoo umkande mwenyewe," nikasema.

"Mdogo wangu, mimi nina kazi."

"Na dada ana nini? Ana likizo?"

Nilisikia nilichosema na sikukusudia kukisema. Akasema ataangalia. Yeye huangalia sana, yule. Ya safari ya dada sikumwambia. Nilitaka, nikakata simu.

Jumatatu, 14 Aprili

Darasani Miwani alimsifia Mshiriki wa Nne. "Nimepata dhahabu," akasema. Wenzetu wote husema hivyo, mtu akilia kwenye kinasa sauti ni dhahabu. Nilimtazama nikiwaza, dhahabu yako hiyo ndiyo iliyonifulia blauzi niliyovaa. Mama Mabano akauliza kama kuna aliyemtambua mshiriki wa mwenzake. Nikaangalia sakafu. Sakafu ile ni chafu sana.

Jumamosi, 19 Aprili

Dada amenunua begi. Amesema ni la kuwekea nguo za baba za kliniki. Nikasema ni zuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimefanya nilichoapa sitafanya.

Dada alikwenda kliniki kumpangia baba siku ya mazoezi. Baba hakuwa amekula tangu asubuhi. Nikapasha uji, nikakaa, nikasema baba tule. Akafumba. Nikasubiri. Nikajaribu tena. Akafumba macho na mdomo pamoja, na pale nikaona mwezi wa sita wote umekaa mbele yangu umefumba mdomo. Nikasimama nikamwaga yote.

"Refa kipofu!"

Jicho moja likafunguka.

"Ndiyo, wewe! Ile ilikuwa ofsaidi, hata aliyekuwa nyumbani kwake aliiona! Umehongwa!"

Mdomo ukapinda, ukacheka, kijiko kikaingia. Nikaendelea. Nilianza na mpira, lakini sikubaki kwenye mpira. Nikamwambia ametukalia. Amemkalia dada mpaka dada amekuwa mkeka, sasa anataka kunikalia na mimi. Nikamwambia alipokuwa na maneno hakuyatumia kwetu, aliyatumia uwanjani, na sasa hanayo tunamfuta mate. Alicheka mpaka machozi, nami nililia mpaka kamasi, na uji ukaisha bakulini.

Nikageuka. Dada alikuwa mlangoni. Barabara ya kliniki ilikuwa imejaa maji, alikuwa ameishia njiani. Nguo zilikuwa zinamchuruzika.

"Nani kakwambia?"

"Nimebahatisha tu."

"Kitu kama hicho hakibahatishwi." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Yule msichana mwenye miwani. Aliniapia. Aliweka mkono kifuani akaniapia."

Uongo ulikuwa tayari, umeshaiva, wa kuchuma tu. Miwani angeubeba, nami ningelala salama. Nikajisikia nikisema, "Si yeye. Hajui kama sisi ni ndugu. Darasani tunasomeana kazi. Haina jina. Ukimtambua mtu unatakiwa kufunga. Nikakutambua."

"Ukafunga?"

"Sikufunga."

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Mpaka ufunguo juu ya friji."

Akakaa kwenye kile kiti cha baba cha magurudumu, na maji yake yote. "Nilisema bora mgeni," akasema mwishowe. "Mgeni anasikia, anaondoka na yake. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Hapo ningeomba radhi. Badala yake hasira ikanipanda. "Na wewe ulitaka kuniacha bila kuniambia! Unajua nina mtihani!"

"Ndiyo maana sikukwambia," akasema. "Nilijua utasema una mtihani."

Nikaliweka chini bakuli tupu.

"Haya, furahi. Siendi tena," akasema. "Nilikuwa naweza kuondoka kwa sababu hamjui. Ningekuwa nimeshafika, nanyi mlie huku nyuma yangu. Sasa nitafungaje begi huku unanitazama? Umeniharibia. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja, umekwenda kusimama pale pale."

Akainuka akaenda kubadili nguo. Kitini alipokalia pameachwa maji. Nimeyafuta. Ndiyo kazi pekee ya maana niliyoifanya leo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimwuliza dada anataka nifanye nini. "Wakafute," akasema. "Kila neno. Si waliniambia naweza kujitoa wakati wowote? Najitoa."

Nikaenda ofisini kwa Mama Mabano, Miwani nyuma yangu hajui anaitiwa nini. Nikasema yote. Nilitaka anifokee, nikajiandaa kumjibu. Hakufoka.

"Kumtambua si kosa," akasema. "Kosa ni ukurasa uliofuata." Halafu akamgeukia Miwani: "Na wewe uliondoa jina ukaacha mtu mzima. Refa, kiharusi, beseni la bluu. Ungemchora na picha basi."

Sauti ikafutwa mbele yetu, karatasi zikapita kwenye mashine ya kuchania. Miwani alivua miwani. Mhojiwa wake bora amekwenda, na mimi zoezi zima nimepewa sifuri. Kwenye ujia Miwani akaniambia, "Nilikuwa nakuheshimu," kwa sauti yake ile ile ya wema. Afadhali angenipiga kofi.

Nina hasira na Mama Mabano kwa kuwa yuko sahihi. Nina hasira na Miwani kwa kuwa hana kosa kubwa. Nina hasira na dada, hii siifuti, kwa kuwa ameacha kufunga mlango wakati wa kulisha. Sasa anamtukana baba mlango wazi, bila raha, kama anasoma tangazo. Baba anakula nusu.

Jumatatu, 5 Mei

Begi jipya limewekwa nguo za baba za kliniki.

Nimempigia kaka. Sikumwambia ya nakala. Ile imechanwa, haipo. Nilimwambia hivi tu: "Mwulize dada hali yake. Si ya baba. Yake." Akasema sawa. Baadaye nikasikia simu ya dada ikiita chumbani. Dada akasema "nzuri", akasema "nzuri" tena, kisha hakusema kitu kwa muda mrefu sana, na nikaondoka mlangoni. Nimejifunza kuondoka, angalau.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka amekuja! Viatu vinang'aa, chupa mbili za mafuta ya kukandia mkononi. Alipomgusa mguu, baba alimpiga teke kwa ule mzima. Tukamfundisha kulisha. Alipoambiwa amtukane alikaa chini. "Siwezi. Ni mzazi wangu."

"Basi hatakula," dada akasema.

Kaka akakohoa, akainama, akanong'ona, "Baba, wewe ni refa... usiye mzuri sana." Baba akafumba mdomo. Dada akalazimika kutoka nje acheke. Sijamsikia akicheka hivyo tangu lini sijui.

Jumatano, 14 Mei

Kaka ameweza. Majirani wamekuja kuuliza kama kuna ugomvi.

Jumapili, 18 Mei

Gari la mwisho ambalo lingemfikisha dada kwa wakati lilikuwa la saa sita mchana. Asubuhi nzima alikuwa kando ya kitanda, anamkata baba kucha ambazo alishazikata. Begi liko pale pale, lina nguo za baba.

Nilianza vizuri. Nikasema, "Dada, mimi na kaka tumeshapanga. Yeye amechukua likizo mpaka nimalize mitihani. Baada ya hapo tutapokezana. Shangazi naye amekubali kusaidia."

"Sawa," akasema. Mkasi ukaendelea.

"Kwa hiyo unaweza kwenda."

"Nimesikia."

"Ulisema tukilia utabaki. Hatulii. Niangalie."

"Niache."

Saa ya ukutani ilikuwa inanitafuna. Niliona kesho inakuja, wanampa mwingine nafasi yake, na yeye anakaa hapa mpaka anakuwa yule mama wa shemeji na vumbi, na mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Nikachukia kila kitu, mkasi, kucha, ile shingo yake iliyoinama kwa utiifu. Na upole wangu wenyewe nikauchukia zaidi. Katika nyumba hii upole haujawahi kumfungua mtu mdomo.

"Mchoyo wewe!" nikamfokea. "Ndiyo, mchoyo! Unataka uumie peke yako mpaka uzeeke, halafu sisi tuje kuomba radhi kwenye kaburi lako! Mchezaji umechoka, huoni hata mpira, umeng'ang'ania uwanja wa nini? Toka!"

Akainua kichwa. Macho yake yaliwaka. Vizuri, nikawaza, waka.

Kaka alikuwa amesimama na beseni la bluu. Akaliweka chini. "Toka!" akapiga kelele, kwa sauti yake mpya ya jukwaani. "Kadi nyekundu! Refa, unangoja nini? Refa kipofu!"

Na baba akainua mkono. Ule mzima, wa kushoto. Ulikuwa umeshika kile kitambaa cha kufutia mdomo, umekikunja, na ukapanda juu moja kwa moja mpaka kiwiko kikanyooka, kama kwenye picha yake iliyopo sebuleni, akitoa kadi. Ukabaki juu. Ulikuwa unatetemeka na haukushuka.

Dada akamtazama. "Hata wewe?" akasema.

Kicheko cha upande mmoja.

Akacheka naye. Halafu akaweka mkasi chini, akaenda kwenye begi, akatupa nguo za baba kitandani moja moja, kwa hasira, kila moja na tusi lake. Akaniita kikulacho. Akamwita kaka daktari wa simu. Akaweka zake. Akaaga. Tukalia wote, kaka zaidi ya wote, na hakubaki.

Ufunguo alinipa mkononi.

Jioni kaka kasema labda mzee alitaka kufutwa mdomo tu. Inawezekana. Nimemwambia anyamaze.

Jumatatu, 19 Mei

Amefika. Ameripoti.

Jumatatu, 2 Juni

Leo ni siku ya kukusanya shajara. Hii siipeleki. Humu mna maneno ya mtu aliyejitoa. Nilimpigia dada nikamwambia yamo, nikamwuliza nichane. Akafikiri. "Hiyo ni yako," akasema. "Ila mwalimu wako asiione." Jana niliketi nikaandika nyingine ya kurasa chache. "Leo nimejifunza umuhimu wa usikivu." "Leo nimetafakari nafasi yangu kama mtafiti." Nilitaka kutapika, lakini nimepeleka.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Mabano amerudisha shajara. Juu ya ile ya uongo kaandika kwa kalamu nyekundu: "Safi. Haina hasira hata kidogo. Iko wapi nyingine?" Chini yake hakuna alama. Mwanamke yule!

Jumamosi, 21 Juni

Mitihani imekwisha, mvua imekwisha, kaka amerudi kazini kwake. Huja mwisho wa juma. Shangazi hukaa na baba ninapokuwa chuoni, na wakati wa chakula huenda uani akaziba masikio.

Leo baba alinitemea. Uji wote, usoni, baada ya mimi kusimama jikoni saa nzima, na kaka alikuwa ametuma ujumbe kwamba juma hili hawezi kuja. Nilimtukana matusi yote ya uwanjani nikamaliza, nikaingia kwenye yangu. Akala. Nikaenda kukaa ngazini nje na uji nyweleni.

Simu ikaita. Dada. Nyuma yake kulikuwa na upepo, yeye na wenzake walikuwa nje na vifaa vyao vya kupimia.

"Amekula?"

"Amekula."

"Umemtukana?"

"Nimemtukana."

"Vizuri." Nikadhani atakata. Wote huuliza hayo, halafu hukata. "Na wewe?" akasema. "Wewe hali yako?"

Nikafungua mdomo niseme nzuri. Haikutoka. Nikakaa na simu sikioni, naye hakunisaidia wala hakuniharakisha. Alikuwepo tu, na upepo wake.

"Nina hasira," nikasema. "Nina hasira na wewe, na baba, na kaka, na uji. Nina hasira mpaka sijui nianzie wapi."

"Najua," akasema dada, na nilisikia akiwaambia wenzake watangulie. "Hebu nisimulie zaidi."